Kitambaa Chini ya Nyuzi

Mtoto aliposinzia, Mama Kidoti hakuthubutu kusogea. Alisubiri mpaka kile kifua kidogo kikapanda na kushuka bila kukwama, ndipo alipomtoa kwenye ziwa taratibu, akamlaza ubavu, akamwegemezea mto mgongoni. Mashati ya sare yalikuwa yamerundikana kitandani yakingoja vifungo, na fundi cherehani aliyempa kazi hiyo hakuwa mtu wa kungojeshwa. Lakini aliyatazama mara moja tu, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akalishusha gitaa.

Kabla ya kugusa uzi wowote alichukua kipande cha fulana kuukuu ya mumewe, akakikunja, akakipenyeza chini ya nyuzi kule mwisho zinapofungwa. Gitaa likawa bubu. Ukiligusa lilitoa mlio mkavu tu, tik, kama mtu anayekata kucha.

Kitambaa kile kilikuwa kwa ajili ya jirani. Chumba cha pili aliishi mlinzi aliyekesha getini kwa watu na kulala mchana, na ukuta uliowatenganisha ulikuwa ukuta kwa jina tu. Wiki ile Kidoti alipozaliwa, mlinzi alikuja mlangoni, akatoa pongezi kwa mikono miwili, kisha akasema kwa adabu zake zote, "Mama, mtoto akilia simlaumu, ni mtoto. Lakini gitaa si mtoto."

Basi Mama Kidoti akajifunza kupiga kimyakimya.

Alichokuwa akikipiga hakikuwa wimbo. Ilikuwa skeli, ile ngazi ya do re mi, kupanda na kushuka, toka kichwa cha gitaa mpaka kule juu shingo inapokutana na tumbo. Miaka yote alikuwa mpiga ridhimu, gitaa la kusindikiza wimbo. Mkono wake wa kushoto uliishi kule chini kwenye freti za mwanzo, zile pau za chuma zinazokata shingo, na za mbele alizitazama kama mtu anavyoitazama sebule ya tajiri kupitia dirishani. Aliyeishi kule alikuwa mpiga solo wao, mwanamume waliyemwita Ndefu kwa ajili ya vidole vyake. Ndefu akapata kazi ya kuendesha lori, akaaga. Kabla hajaondoka alikuja siku moja mchana akamwonyesha.

"Shingo ya gitaa ni nyumba ya vyumba vitano," alisema. "Kila chumba utaikuta do re mi ileile, ila viti vimepangwa vingine. Anayejua chumba kimoja ni mgeni. Anayejua milango yote ndiye mwenye nyumba."

Alimwonyesha vyumba vyote, mlango kwa mlango, mmoja akipiga na mwingine akitazama huku akimbembeleza mtoto begani. Ndefu akaenda zake. Na kiongozi wa bendi, Mzee Besi, aliyechomelea mageti mchana na kupiga besi jioni, akatoa neno lake.

"Shemeji," alisema, maana alimwita hivyo kwa sababu ya mumewe, mpiga dramu, aliyemfanya ndugu. "Jumamosi tuna harusi. Ukitupeleka juu na kuturudisha salama, nafasi ya Ndefu ni yako. Ukishindwa namchukua Mkono Mwepesi. Na yule haji peke yake, anakuja na mdogo wake wa ridhimu. Sasa hapo wewe sijui nitakuweka wapi."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Angewekwa nje.

Watu wengi walidhani aliingia kwenye bendi kwa mlango wa mume. Ukweli ni kwamba mume ndiye aliyeingia kwa mlango wake. Alipofika yeye na fimbo zake mbili na shati moja zuri, Mama Kidoti alikuwa tayari amekaa pembeni na gitaa, bado msichana, akimwangalia huyu mgeni anavyokimbiza wimbo kama anafukuzwa. Sasa mtoto amekuja, tumbo limerudi mahali pake, na kila mtu anayekutana naye anamuuliza mtoto hajambo. Hakuna anayeuliza gitaa.

Kwa hiyo alipiga. Tik tik tik tik. Chumba cha kwanza, mlango, chumba cha pili, mlango. Vidole vilianza kwa kusitasita, vikachangamka, mwisho vikawa vinakimbia vyenyewe kama watoto waliozoea njia ya kwao. Alifunga kifungo, akapiga. Akamaliza shati, akapiga. Mpaka ilipofika Jumatano ya mazoezi aliweza kupanda na kushuka akiwa amefumba macho, na moyoni alijisemea, naam, Jumamosi na ije.

Bendi ilifanyia mazoezi nyuma ya karakana ya mageti, baada ya mafundi kuzima mashine. Pale palinuka chuma kilichoungua. Gitaa la umeme lilikaa palepale, limefungiwa na spika. Mama Kidoti alilivaa, akarekebisha mkanda ambao bado ulikuwa na urefu wa Ndefu, akamtazama mumewe. Mumewe akagonga fimbo, moja, mbili, wimbo ukaanza, na pale sauti ilipomwachia nafasi, akaenda.

Alipita chumba cha kwanza kama maji. Cha pili kama maji. Mzee Besi akainua kichwa. Akaingia cha tatu, na katikati ya mwendo likatoka bomu. Noti moja, chafu, imesimama peke yake hewani.

"Jamani!" alisema mwimbaji, dada waliyemwita Kasuku kwa kuwa hanyamazi. "Nani kakanyaga paka?"

Wakacheka. Hata yeye akacheka. Wakarudia, na palepale, noti ileile, paka yuleyule. Safari hii alicheka Kasuku peke yake. Wakarudia tena, na hakuna aliyecheka.

Mzee Besi aliweka gitaa lake chini, akaja akachuchumaa mbele yake kama anakagua bawaba ya geti.

"Piga polepole."

Akapiga.

"Tena. Hapo simama. Usiondoe kidole." Alikitazama kile kidole kwa muda. "Shemeji, hiki kidole hakijakosea. Kidole kinachokosea hukosea leo, kesho kikapatia. Hiki kimefundishwa. Unafanyia wapi mazoezi?"

"Nyumbani."

"Na husikii?"

Mama Kidoti alitazama sakafu. "Naweka kitambaa. Jirani analala mchana."

"Muda wote huu unapiga gitaa bubu?"

"Si bora ungepiga ukuta," alisema Kasuku, lakini hakulisema kwa nguvu.

Mzee Besi alimwonyesha kwa ukucha wake mweusi. Nyuzi zote za gitaa, alisema, zinapishana kwa hatua ileile, isipokuwa huu wa pili toka chini. Ukivuka kuja kwake lazima usogee freti moja mbele, la sivyo unatua pungufu. "Huu ni kama mkwe. Sheria za nyumba nzima hazimhusu. Ndefu hakukwambia?"

Alimwambia. Sasa alikumbuka vizuri kabisa: Ndefu akisema "uzi wa pili uangalie", na Kidoti palepale akipasua kilio begani, na yeye akiitikia kwa kichwa tu kama mtu anayeitikia salamu barabarani. Kule chini alikozoea, mkono ulishaujua uzi ule kwa nyimbo za siku zote. Kule juu alikuwa mgeni, na sikio ambalo lingemkanya alilifungia nje kwa mkono wake mwenyewe.

"Mkono Mwepesi nimeshamwambia aje Jumamosi," alisema Mzee Besi akiinuka. "Atakaa pale mbele na gitaa lake. Nikiona tunazama, nitamwita katikati ya sherehe. Usinikasirikie. Harusi ya mtu si mahali pa kujifunzia."

Walimpitia mtoto kwa bibi yake, wakarudi nyumbani kwa miguu, mume akiwa amembeba amelala, mke akitembea nyuma kidogo.

"Mama Kidoti, nataka kusema jambo. Nasema kwa wema."

"Sema."

"Mwambie Besi kesho kwamba umeacha. Kujitoa mwenyewe na kutolewa mbele ya watu, ipi afadhali?"

"Nikijitoa nitakuwa nani?"

"Utakuwa mama wa mtoto."

"Hata sasa ni mama wa mtoto. Sikuuliza hilo."

Mpaka wanafika mlangoni vidole vya mume vilikuwa vikigonga polepole mgongoni mwa mtoto, na mkewe alivitazama akashindwa kujua anapiga wimbo gani.

Asubuhi yake Mama Kidoti alisimama kwenye ujia akimsubiri mlinzi arudi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri. Mlinzi alipotokea, koti begani, macho mekundu kama aliyemenya vitunguu gunia zima, maneno yote yakamtoroka.

"Kaka, shikamoo. Samahani. Nina shida."

"Marahaba. Mtoto mgonjwa?"

"Hapana. Ni gitaa."

Mlinzi akafumba macho. "Gitaa linaumwa?"

"Nataka kuomba… nataka kulipiga kwa sauti. Kidogo tu. Mpaka Jumamosi. Nimekuwa nikilipiga kimya nisikusumbue, na huko kwenye kimya nimejifunza vibaya."

Mlinzi alifumbua macho, akili yake ikionekana kutembea toka mbali.

"Kumbe ni wewe," alisema hatimaye.

"Mimi nini?"

"Ile tik tik tik! Mama, mimi nimetafuta panya mpaka nimevua mbao za dari! Nimeweka sumu! Nimemlaumu paka wa watu! Kila nikipata usingizi, tik tik tik. Nikasema huyu panya ana ratiba." Alijishika kiuno, akaguna, na Mama Kidoti hakujua kama kinachokuja ni matusi au kicheko. Hakikuwa chochote, kilikuwa uchovu. "Sikia. Mimi nikirudi naoga, nakunywa chai, navuta pumzi. Muda huo piga mpaka nyuzi zikatike. Nikifunga mlango wangu, basi. Na tik tik iishe kabisa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka. Mungu akubariki."

"Anibariki usingizi," alisema mlinzi, akaenda bafuni.

Hata ndoo ya mlinzi haijajaa, kitambaa kilishatoka. Mama mkwe alikuwa amekuja kumshika mtoto, amekaa kwenye kigoda mlangoni, na sauti ya kwanza ilipopasuka mle ndani aligeuka.

"Kumbe linasema! Mimi nilidhani lina mafua."

Mama Kidoti alilivuta gitaa kifuani. Alipanda polepole, kila noti akiiimba kwa mdomo kabla ya kuigusa. Do, halafu kidole. Re, halafu kidole. Aliazimia kwamba mkono usiende popote mdomo haujafika. Akafika kwenye chumba cha tatu, kwenye uzi wa pili. Mdomo ukaimba *mi*, safi, na kidole kikatua nyuma. Aliona aibu kama vile kidole ni cha mtu mwingine aliyekaa mkononi mwake bila kukaribishwa. Akarudia. Mdomo *mi*, kidole nyuma. Kilikuwa kama mbuzi aliyezoea shamba la jirani, unamvuta kamba huku yeye shingo ameigeuzia kule.

Yeye aliijua kazi ya kufumua. Ukikosea tundu moja la kifungo, shati zima linapinda, na lazima ukate nyuzi moja moja bila kutoboa kitambaa, na muda unaofumua ni mrefu kuliko ulioshonea. Alifumua. Bafuni maji yaliacha kumwagika. Alifumua. Upande wa pili kijiko kiligonga kikombe. Kidole kilipatia, kikapatia tena, kikakosea. Kisha mlango wa mlinzi ukafungwa, tap, na yeye akaubana uzi kwa kiganja sauti ikafa nusu.

"Mkwe," alisema mama mkwe taratibu, "unatoka jasho kama unalima."

"Mama, sipati."

"Umepata mara nyingi. Nimesikia."

"Nikienda polepole. Wimbo hauendi polepole."

Mama mkwe alimhamishia mtoto goti jingine, akachukua shati juu ya rundo, akaanza kushona vifungo.

Ijumaa ikawa hivyohivyo. Polepole, sawa. Mwendo wa kati, sawa. Ukiongeza kasi ya harusi, kidole kinarudi kwenye uovu wake. Usiku ule mume alimkuta anaimba do re mi huku anakunja nepi, akachukua moja akakunja naye.

Ukumbi wa harusi ulikuwa umejaa mpaka milangoni, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, watoto wa watu wakikimbizana chini ya meza. Bendi ilikaa pembeni kwenye jukwaa la mbao lililoyumba kidogo. Na pale mbele, meza ya kwanza, alikaa Mkono Mwepesi, kijana nadhifu, viatu vinang'aa, sanduku la gitaa limesimama katikati ya miguu yake kama mtoto aliyeambiwa atulie. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimia kwa heshima, "Habari dada", na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Mama mkwe alikuwa nyuma kabisa na Kidoti. Saa ya kunyonya ilikuwa imefika, Mama Kidoti aliijua bila kutazama saa, kifua kimekaza na kuuma chini ya mkanda wa gitaa. Aliomba mtoto asilie. Akilia, maziwa yangemwagika mbele ya kadamnasi.

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa za ridhimu, zikapita. Ya tatu ndiyo yenyewe. Mzee Besi alimwangalia, akamwangalia Mkono Mwepesi, akaangalia nyuzi zake. Mumewe alimsubiri. Alimsubiri kuliko kawaida, fimbo zimeinuka, macho kwake, mpaka yeye alipoitikia kwa kichwa. Kisha akagonga.

Kasuku aliimba ubeti akaiacha nafasi wazi, na Mama Kidoti akaingia. Chumba cha kwanza. Mlango. Bwana harusi alikuwa anacheza na mama yake. Cha pili. Mlango. Hakufumba macho, alitazama shingo ya gitaa kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Uzi wa tatu, uzi wa pili, na kwa kasi ile ile ya maangamizi kidole kikaenda kwenye shamba la jirani.

Akaisikia. Hicho ndicho kilichokuwa tofauti. Aliisikia kabla haijamaliza kuzaliwa, ile noti pungufu, na mdomo wake ukiwa umeshafika kwenye *mi*. Hakukiinua kidole. Alikisukuma. Kikateleza juu ya chuma, freti moja mbele, na noti chafu ikapanda ikawa safi kwa mlio mrefu, kama mtu anayeanza na kwikwi akamalizia kwa kicheko. Akaendelea kupanda. Chumba cha nne, cha tano, juu kabisa ambako freti zinabanana kama meno. Kisha akageuka kushuka.

Mzunguko ulipojirudia alikuwa na nafasi ya kuchagua. Kidole sasa kingeweza kupatia, alikihisi kabisa. Lakini masikio ya ukumbi yalishasikia kule kuteleza mara moja. Ukifanya mara moja ni kosa. Akafika kwenye uzi wa pili, akatua nyuma kwa makusudi, akateleza. Na mgongoni mwake, palepale, si kabla wala baada, mumewe akapiga toazi. Chaa! Mwanamke mmoja kwenye wachezaji akapiga vigelegele bila kujua kwa nini.

Wimbo ulipokwisha Mzee Besi alimsogelea, amegeuzia watu mgongo.

"Ulikosea."

"Nilikosea."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili sikukosea."

Mzee Besi alimung'unya hilo jibu. Pale mbele, Mkono Mwepesi alikuwa ameinama, ameshafungua kifungo kimoja cha sanduku, anatazama jukwaani akingoja kuitwa. Palepale Kasuku akageuka, anajipepea na kiganja.

"Nipandishieni unaofuata. Koo limefunguka, pale chini naona kama naimba shimoni. Pandisheni freti mbili."

"Tumefanya mazoezi pale pale tulipozoea," alisema mume haraka.

"Basi mimi nitapayuka, mtanilaumu."

Mzee Besi alimtazama Mama Kidoti, na safari hii jicho lake halikuwa na ukali wala huruma. "Kupandisha maana yake kila kitu kinahama. Vyumba vyote. Unaweza, au nimwite yule?"

Kule nyuma ya ukumbi Kidoti akaanza kulia. Mama yake alimsikia katikati ya zogo lote, na maziwa yakashuka, ya moto, yakalowesha blauzi chini ya mkanda. Akalivuta gitaa likaziba. Alitaka kujibu, akaona jibu litachukua muda. Aliusogeza mkono wa kushoto freti mbili mbele, akajaribu *do* kwa sauti ya chini, ikamwitikia. Akamgeukia mumewe.

"Hesabu, Baba Kidoti."

Akahesabu. Wakaenda. Kule alikohamia hakukuwa na alama yoyote aliyoizoea, lakini alisikia mlango wa kwanza ulipo, akaupata, na wa pili akaupata. Alipofika kwenye uzi wa pili alitua sawasawa, bila kuteleza, kavu na safi, ili Mzee Besi ajue kwamba hilo nalo analiweza.

Mkono Mwepesi alisikiliza ubeti mzima ameinamisha kichwa. Kisha akakifunga kile kifungo cha sanduku, akalilaza sanduku magotini, mhudumu alipopita akapokea sahani yake ya chakula, akaiweka juu ya sanduku kama meza, akaanza kula.

Wimbo ulipokatika, Mama Kidoti alishalivua gitaa.

"Jumatano uje mapema," Mzee Besi alimwambia. "Kuna nyimbo za Ndefu chungu nzima huzijui."

"Nitakuja. Sasa nipishe, baba, mtoto analia."

Akampisha.